Neno Nililomtia Mfungwa Kinywani

Vijana wangu, nyinyi mnaopata filamu kwenye simu zikiwa zimeshatafsiriwa, hamjui jasho la mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akisema kwa niaba ya watu thelathini: wanaume, wanawake, watoto, mbwa na hata helikopta. Mtu huyo nilikuwa mimi. Miaka ishirini na kitu nimeifanya kazi hiyo katika ukumbi mmoja wa video hapa Bwiza. Tuliiita kusobanura, neno la Kirundi la kufafanua, na mimi nikaitwa Msobanuzi mpaka jina nililopewa na baba likasahaulika hata na wadogo zangu.

Mmoja wenu aliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Nimeanza mara tatu na mara tatu nimechana karatasi, kwa sababu kila nikianza naandika ya kuchekesha, na najua fika kwamba nayakimbia mengine. Kuna mwanamke niliyemharibia kwa neno moja. Neno lenyewe sikulisema kwa sauti yangu. Nililitia kinywani mwa mfungwa wa kwenye filamu. Nitafika huko. Naona aibu, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka kidogo.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja fundi wa redio, tulimwita Metre Juma, yaani Mwalimu Juma kwa Kifaransa cha mtaani. Alikuwa na sauti nene na kikohozi kilichokuja wakati wa mapigano ya kwenye filamu, na watazamaji walikipenda wakidhani ni bunduki. Metre alinifundisha kufunga kipaza sauti kwa leso ili pumzi isilie puu puu. Alinifundisha kunywa chai ya tangawizi isiyo na maziwa, maana maziwa hukwama kooni. Alinifundisha kuitazama filamu asubuhi, peke yangu, bila kusema neno, nione nani ni akteri, yaani yule asiyekufa, na nani ni adui, kabla ya watu kuingia saa tisa.

Hilo la asubuhi nililipuuza siku moja tu. Filamu ilianza, nikamwona mzee mwenye ndevu anamkumbatia akteri, nikatangaza: “Huyu ni baba yake, aliyemlea kwa shida.” Watu wakampenda yule baba. Nusu saa baadaye baba akamchoma akteri kisu, na mwishoni akteri akamtupa baba kutoka ghorofani. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasema haraka, “Kumbe alikuwa baba wa kambo,” na mama mmoja nyuma akaitika, “Mi nilijua tangu mwanzo.” Tangu siku hiyo nilikuwa natazama asubuhi.

Tena umeme. Umeme ukikatika katikati ya filamu, watu hawaondoki, wanakugeukia wewe. Nilikuwa naendelea kwa mdomo gizani: farasi, mto, risasi, harusi. Siku moja umeme ulirudi tukakuta filamu ya kweli imekwisha kwa msiba, na watu wakapiga kelele kwamba kanda ndiyo iliyokosea, mwisho wangu ndio wa kweli. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele. Mtu akisifiwa hivyo mara nyingi huanza kuamini kwamba kilichomo kwenye filamu ni maji tu, na yeye ndiye chai. Mimi niliamini.

Lakini Metre alikuwa na sharti moja aliloniambia siku ya kwanza na kulirudia kila mwaka wakati wa Idi, tukiwa tunakula kwake. Alisema, “Majina utunge, mizaha utunge, hata vita utunge. Ila mutu wa hapa mutaani usimuingize mule. Mutu wa mule, filamu ikiisha, anaenda kwao. Mutu wa hapa, kesho munakutana ku robine.” Alimaanisha bomba la maji la mtaa, pale ambapo kila mtu hukutana na kila mtu. Nilikuwa naitika ndiyo, “Ego, Metre,” na kuongeza mchuzi. Metre alifariki, Mungu amrehemu, nikabaki na kiti na kipaza sauti bila mtu wa kunikoholea.

Sasa niseme habari za filamu yenyewe. Ilikuja na mfanyabiashara mmoja katika mfuko wa kanda zilizochakaa, haina jalada. Ilikuwa filamu ya wanawake waliofungwa gerezani katika nchi fulani ya joto. Iliundwa kwa haraka na kwa vitu vya kuokoteza, hilo mtu hahitaji kusoma ili alione. Ukuta wa gereza ulikuwa mmoja, wakauonyesha upande huu na upande ule, na mlango ukifungwa kwa nguvu ukuta unatikisika. Walinzi walivaa sare za majeshi matatu tofauti. Wafungwa wana miezi gerezani, midomo bado ina rangi. Na kila baada ya muda kidogo lazima nguo ya mmoja ichanike, au wapelekwe kuoga, kamera ikiwasindikiza kama nzi. Tusidanganyane: watu hawakuja kuona dhuluma. Nami nilijua wanakuja kuona nini, kwa maana mimi ndiye niliyeandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, WAFUNGWA WAREMBO, WATOTO APANA.

Lugha ya filamu sikuijua. Nilidhani ni Kitaliano, mwenye ukumbi alisema Kijerumani, tukaacha hapo. Nilikuwa sijali. Niliitazama asubuhi nikaona mambo ni yale yale, lazima niitie viungo, na ndipo nilipomkumbuka Mama Sifa.

Mama Sifa alikaa nyumba ya nne kutoka ukumbini, mwanamke mrefu, mjane, na mtoto wake ni huyo Sifa peke yake. Alikuwa akifagia na kufungua duka la vitambaa la tajiri mmoja. Majora yakapotea, funguo anazo yeye, wakamfunga. Alikaa gerezani mwaka na miezi bila kusomewa kesi, mpaka mpwa wa tajiri alipokamatwa na mali ile ile. Wakamfungulia mlango wakamwambia aende. Hakuna aliyemwambia pole. Akarudi Bwiza, akaanza kukaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba yake, na mtaa ukamnunulia, maana sote tulijua hana hatia.

Ila alirudi na jambo moja. Kule ndani asubuhi na jioni waliitwa majina, na kila aliyeitwa alitakiwa kusimama wima na kuitika “Prezanti”, yaani nipo, kama watoto wa shule. Asiyesimama haraka alijuta. Basi Mama Sifa, ukimwita ghafla akiwa anageuza samaki au anasuka nywele, alikuwa anasimama wima, mikono imenyooka, na neno linamtoka: “Prezanti.” Halafu anajiona, anacheka kidogo, anakaa. Sisi majirani tulikuwa tunatazama pembeni. Yalikuwa mambo ya kufichiana, na tulimfichia.

Siku hiyo saa tisa ukumbi ulijaa. Mlinzi wa kwenye filamu, mnene, alisimama mlangoni na kuita. Mfungwa mmoja mrefu akainuka. Nikaachia, kwa sauti nyembamba ya kike, “Prezanti!” Ukumbi ulitafuta kidogo, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, halafu ukalipuka. Watu walipiga mabenchi. Mmoja alidondoka. Nikarudia kila mlinzi alipotokea, hata alipokuja kumpa chakula, hata alipompiga: “Prezanti! Prezanti!” Kulikuwa na mahali huyo mfungwa anakwenda kwenye nondo za mlango, anamwita mlinzi karibu na kumwambia jambo kwa sauti ya chini, na mlinzi anacheka. Hapo nilimtungia maneno ya kumtongoza mlinzi, ambayo sitayaandika, na nikamalizia na neno lile. Tuliionyesha filamu hiyo wiki mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ulimi hauna mfupa, lakini mtaa una masikio. Kabla ya wiki ya kwanza kwisha Mama Sifa alikuwa ameshapata jina. Watu wazima walimwita Prezanti mgongoni mwake. Watoto walimwita usoni, kutoka mbali, kwa ile sauti yangu nyembamba, ili tu wamwone anasimama. Na alikuwa anasimama. Akijua ni watoto, akijua ni utani, mwili ulikuwa hauelewi utani. Nilikuwa napita pale na kununua ndagala, na alikuwa ananiongezea kiganja kimoja juu. Hakuwa mtu wa kuingia ukumbini. Hakujua neno lilianzia wapi.

Mwaka ule ule Sifa akapata mchumba, kijana wa watu wa mtaa wa Kigobe, mtumishi wa ofisini, familia ya heshima na ya kujisikia kidogo. Mama Sifa akaja kwangu. Alisema, “Msobanuzi, we uko na kinywa. Baba yake hayuko. Siku wanakuja kuposa, utusemee.” Nilifurahi. Kwetu hapa posa ni mchezo wa maneno, msemaji wa huku na msemaji wa kule wanatupiana mafumbo, na binti huheshimiwa kwa kinywa cha msemaji wake. Nikavaa kanzu mpya na kofia ya marehemu baba.

Wageni walikaa, soda zikagawiwa, maneno yakaenda vizuri. Nilikuwa nimeshawachekesha mara mbili. Msemaji wao, mzee mwenye miwani, akasema kwa utani, “Tumemuona musemaji, tumemuona binti, lakini mama mwenye nyumba hatujamuona. Iko mama hapa?” Na kijana mmoja aliyekuja na wageni, mtu aliyekuwa akipenda ukumbi wetu, akaita kutoka nyuma kwa ile sauti nyembamba, “Prezanti!”

Mama Sifa alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa ndani, ameshika sinia la mandazi. Alisimama wima. Mikono iliponyooka, sinia likaanguka, na akaitika mbele ya wakwe, “Prezanti.”

Na mimi nilicheka.

Sitajitetea. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, lolote, kwamba huyu mama alikuwa mwalimu wa shule, kwamba hivyo ndivyo mwenye nyumba anavyowapokea wageni. Nilishamwokoa baba wa kambo kwa neno moja bila kufikiri. Lakini nilikuwa nimezoea kwamba neno hilo likitoka watu wanacheka, na fundi anapenda kusikia kazi yake. Nilicheka wa kwanza, peke yangu, kwa nguvu. Baadhi ya wageni wakanifuata. Kisha shangazi wa kijana akamwinamia jirani yake akauliza, na jirani akamnong’oneza, na nikaona uso wa shangazi ukijikunja. Mama Sifa alikuwa chini anaokota mandazi moja moja na kuyapangusa kwa upindo wa kitenge chake.

Wageni waliaga kwa adabu. Siku tatu baadaye wakatuma mtu kusema kijana bado anajipanga. Kwetu hiyo maana yake ni hapana.

Kesho yake mchana Mama Sifa alikuja ukumbini, akasimama mlangoni kwenye jua. Kuna mtu alikuwa amemwambia. Akaniuliza, bila hasira, “Ni kweli ni we ulianza hiyo maneno?” Vijana wangu, kucheka kulinitoroka, lakini hili nililifikiria kabla ya kulisema, na ndilo linalonitoa jasho mpaka leo. Nilisema, “Apana, mama. Ni mwanamuke wa mu filamu anaitika hivyo. Mi natafsiri tu.” Akanitazama. Halafu uso wake ukalegea. “Kumbe na kule wanaitika hivyo?” “Njo hivyo,” nikasema. “Hata kule kwa Wazungu?” “Hata kule.” Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za ndugu wa mbali. “Basi sawa,” akasema. “Si mi peke yangu.” Akaenda.

Mwezi haukwisha, wakahamia Gatumba, karibu na mpaka, ambako hakuna aliyewajua. Mtaa ukapata mizaha mingine. Mimi niliendelea na kazi, nikatoka kwenye kanda nikaingia kwenye diski, nikatoka kwenye diski nikaingia kwenye flashi, mpaka siku ukumbi ulipogeuzwa duka la simu na mimi nikapewa mkono wa kwaheri. Ile filamu nilibaki nayo. Niliwahi kuihamishia kwenye diski, sijui kwa nini. Labda mwizi naye hutunza alichoiba.

Mwaka jana, asubuhi, mwanamke mtu mzima alibisha kwangu. Alikuwa Sifa. Ana watoto wake sasa, aliolewa huko huko Gatumba na fundi wa baiskeli, mtu mwema. Hakukaa. Alisema mama yake macho yanakwenda, mtoto wa jicho, la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. “Iko anasema, mbele ya kuwa kipofu anataka kuona ile filamu. Anasema anataka kumuona mwenzake.” Nikauliza mwenzake nani, ingawa nilishaelewa. Sifa akasema, “Ule mufungwa mwenye anaitika Prezanti.”

Nilikwenda Ijumaa baada ya swala. Nilikuta nyumba ya matofali, na ukutani alama ya mafuriko kwenye kimo cha kiuno. Mama Sifa alikaa kwenye mkeka karibu kabisa na televisheni, amekonda, urefu ule ule. Alinipokea kwa heshima, “Karibu, Msobanuzi, umezeeka,” nikajibu kwamba sote tumezeeka. Sifa akaweka diski.

Nilikaa nyuma yake. Filamu ilianza, ukuta ukatikisika. Nyumbani mwa mtu, mchana, mbele ya mama na binti yake, filamu ile ilikuwa kitu kingine. Wanawake walipochaniwa nguo nilitazama miguu yangu. Mama Sifa alikuwa ameinama mbele, anasubiri. Mlinzi mnene alipokuja na kuita, mfungwa mrefu akainuka, akasema neno fupi kwa lugha yake. Mama Sifa akageuka. “Amesema nini? Mbona sijasikia?”

Nikasema, “Mama, hajasema. Hakuwahi kusema. Ni mi niliyesema. Nililitoa kwako nikamutia yeye, watu wacheke. Na siku ile ku mulango nilikudanganya.”

Sifa aliyekuwa amesimama alitoka nje. Mama yake akaigeukia tena televisheni. Kwenye televisheni mambo yaliendelea bila mtu wa kuyafafanua. Mwishowe akauliza, “Sasa yeye anasema nini?”

“Sijui, mama. Lugha yao sikuwahi kuijua.”

“Miaka yote?”

“Miaka yote.”

“Basi nyamaza,” akasema, “nitazame.”

Pakafika pale kwenye nondo, pale nilipotunga maneno ya kutongoza. Mfungwa akasogea, akamwita mlinzi, akanong’ona, mlinzi akacheka. Mama Sifa aliweka uso karibu na kioo hadi pua ikaribie kugusa. “Anaomba kitambaa,” akasema.

Sikuelewa.

“Angalia mikono. Moja imeshika nondo, moja inashika gauni nyuma. Na miguu amebana. Iko katika siku zake, anaomba kitambaa, na ule mubaya anamucheka. Mi nilisimama hivyo.” Akarudi nyuma kidogo. “Huyu dada alifungwa kweli, ao alimutazama vizuri mutu mwenye alifungwa.” Kisha akaniuliza, “Hapa wewe ulisema nini?”

Vijana wangu, nilimwambia. Nililazimika kumwambia neno kwa neno, kwa sauti yangu ya uzee. Akasikiliza hadi mwisho. “Na watu walicheka?” “Walicheka.” “Sana?” “Sana, mama.” Akachukua upindo wa kitenge akapangusa kioo cha televisheni pale pumzi yake ilipoacha ukungu, tukatazama filamu mpaka ilipokwisha.

Sikuombwa kukaa kwa chai. Mlangoni nilimuomba msamaha. Akasema wa Mungu ameshautoa, wake ataufikiria. Nikamwambia kuna vijana wanataka niandike habari za kazi, na kwamba nisingependa kumtaja tena. Akakataa. “Andika yote,” akasema. “Na kitambaa uandike. Lakini jina langu uliweke. Si ile yako.”

Basi anaitwa Zubeda binti Ramadhani. Anauza ndagala kavu Gatumba, upande wa kushoto ukishuka kutoka mpakani, meza ya pili. Ukipita, nunua. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo jongea kwanza, fika mbele yake, halafu umwite kwa jina hilo, polepole. Bado atasimama. Msubiri akae.